Saa Njema ya Kuiwekea Windows

Ndani ya basi la kwenda Patan, nchini Nepal, Sarmila alikuwa amebanwa na sipiyu ya kompyuta ambayo mnajimu mmoja mzee, Harinanda, aliipakata kama mtoto anayepelekwa kliniki.

"Inaumwa, baba?" alimtania.

"Nzima kabisa. Naipeleka dukani ikawekewe Windows mpya, hii ya zamani haihudumiwi tena." Akaangalia saa yake. "Lazima tuanze saa sita kasoro dakika kumi na saba. Nimepiga hesabu ya nyota."

Sarmila, ambaye kazi yake ni hiyohiyo ya kutengeneza kompyuta, alijizuia kucheka. "Kuanza ni pale mtakapobonyeza, au pale itakapowaka upya? Maana katikati hapo ni saa nzima."

"Nyota hazijaniambia habari za kuwaka upya," alikiri mnajimu.

"Na ndani mna nini?"

"Nyota za kuzaliwa za watoto elfu sita wa mtaani kwetu. Wakikua wakitaka kuoana, tunaangalia humo kama nyota zao zinapatana. Programu aliiandika marehemu kaka yangu."

Kicheko kikamwisha Sarmila. Programu za zamani hivyo hugoma kwenye Windows mpya, na kumbukumbu zake huweza kufutika. "Umezinakili wapi?"

"Kunakili? Saa itanipita! Nyingine ni baada ya siku kumi na mbili."

"Basi ngoja, baba. Zikipotea, watu elfu sita wataoana kwa kubahatisha."

Basi likasimama. Sarmila akatoa flashi ya kunakilia mkobani, akamwekea juu ya sipiyu. Mzee aliitazama, akatazama saa. Kondakta akapiga bati.

"Hii, binti yangu," aliuliza kwa wasiwasi, mguu mmoja chini, "ulinunua siku gani?"