Ernesta Aliyekalia Gunia la Mbegu

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, mnaopukuchua maharage na mnaosubiri chai ichemke, hamjambo. Mimi ni Audax. Saa hii tumeitenga kwa ajili ya mtu wetu aliyetutoka, na leo ni Bibi Ernesta. Bibi Ernesta wa Kasulo, wilayani Ngara, aliyefariki Jumanne iliyopita akiwa na miaka themanini na mitano. Wengi mlimwita bibi wa mbegu. Msimu ukianza na kibuyu chako kitupu, ulielekezwa kwake. Lakini jina hilo lilitoka wapi? Lilitoka kwenye siku nne za Novemba mwaka 1978, na chanzo chake kilikuwa neno moja tu.

Ernesta alizaliwa Murusagamba, akaolewa Kasulo na Leonidasi, mhubiri wa kanisa dogo la nyasi. Leonidasi hakuwa mtu mbaya. Nalisema mapema, maana watu wana midomo. Asiye na ndugu akifa, Leonidasi ndiye aliyemchimbia kaburi. Ila alikuwa na jicho la kuona dalili za siku za mwisho kila mahali. Mwaka 1974, Operesheni Vijiji ilipowashusha mlimani na kuwapanga kandokando ya barabara, kila mlango uliandikwa namba kwa chokaa. Wao wakaangukia sitini na sita. Leonidasi akaitazama, akasema, "Imebaki sita moja tu." Akaisugua chapa ile ya mnyama kwa mchanga mpaka ubao ukachubuka. Mkewe alicheka. Yeye hakucheka.

Miaka minne baadaye, vita. Adui alikuwa amevuka mpaka kaskazini mwa mkoa wetu. Malori ya jeshi yakawa yanapita bila kukoma. Chumvi ikaadimika kwenye duka la ushirika, kisha sabuni, kisha mafuta ya taa. Kila kilichoadimika, Leonidasi alikipokea kama barua kutoka mbinguni. Waumini wake, kaya kumi na mbili, wakaacha kwenda mikutano ya kijiji. Wakawa wanafunga na kuomba. Mahubiri yakawa hayohayo: karamu. Karamu ya Mwanakondoo, siku ya mwisho, ambapo walioandikwa kitabuni watachukuliwa na wengine wataachwa. Na Ernesta aliamini, wasikilizaji. Aliamini kwa moyo wake wote. Msije mkasema baadaye kwamba alikuwa mpinzani wa Mungu.

Jumatano asubuhi alikwenda kuchota maji mtoni. Ukungu ulikuwa mzito. Ng'ambo ya bonde akasikia sauti ya Renatus, balozi wa nyumba kumi, ikipaazwa kwa bomba la bati. Upepo ulileta maneno mengine na kumeza mengine.

"Jumamosi saa tatu! Karamu inakuja! Itapita nyumba kwa nyumba! Atakayeandikwa jina anachukuliwa siku hiyohiyo! Asibebe mzigo!"

Sasa nanyi mnatujua sisi watu wa huku. Kwetu l na r ni mapacha: ukimwita mmoja, anaitika mwenzake. Ernesta akajitwika debe lake, akayabeba maneno yale kama alivyobeba maji, bila kuyachunguza. Alimkuta mumewe amepiga magoti, siku ya tatu hajatia kitu kinywani.

"Baba Protasi, nimesikia tangazo. Jumamosi kuna karamu."

Leonidasi akageuka polepole. "Umesema karamu?"

"Karamu. Itapita nyumba kwa nyumba. Walioandikwa watachukuliwa. Wasibebe mzigo."

Odeta, binti yao, alikuwa na miaka kumi wakati ule. Ameniambia hivi: "Baba alimshika mama mabega akamwambia, asante. Mama naye akaanza kulia. Mimi nikajua basi, tunakufa."

Alhamisi kaya zote kumi na mbili zikakubaliana. Karamuni huendi mikono mitupu. Na mbegu ya nini, kama dunia inakoma Jumamosi? Kila nyumba ilete mbegu yake ya maharage kanisani, ipikwe, iliwe, Bwana awakute wameshiba na mikono myeupe. Yakajaa magunia mawili. Mvua za kupandia zilikuwa zimekwisha kuanza. Majirani walikuwa mashambani wanapanda. Ernesta alimimina kibuyu chake mwenyewe, maharage na majivu yake, yale majivu tunayochanganya na mbegu ili isibunguliwe. Vidole vyake vikabaki vya kijivu. Alivinawa mara mbili, lakini roho haikutulia.

Ijumaa mchana alikwenda kuazima sufuria kubwa kwa jirani yake Nyamizi, mhamiaji kutoka Shinyanga, ambaye hakuwa muumini wa kanisa lile.

"Sufulia ya nini, dada?"

"Ya karamu ya kesho."

Nyamizi akashangaa. "Kalamu inapikwa?"

Hapo ndipo penye kichekesho na msiba kwa pamoja. Msukuma wa zamani naye r hana habari nayo. Kwa Nyamizi, karamu na kalamu zote zilikuwa kalamu. Kwa Ernesta, zote zilikuwa karamu. Wakarudiana neno lile mara tatu, nne, kila mmoja akidhani mwenzake ni mkaidi. Mwishowe Nyamizi akamshika mkono, akakifungua kiganja, akapitisha kidole juu yake kama mtu anayeandika.

"Hii, dada. Ya kuandikia. Loli linakuja kuandika vijana waende vitani."

Ernesta akakaa chini palepale. Magunia mawili ya mbegu. Kaya kumi na mbili. Mtu mzima anaweza kuvumilia njaa, lakini mtoto anayenyonya atavumiliaje? Na neno lilitoka kinywani mwake yeye. Hakuna mwingine wa kulaumiwa. Kisha likamjia jingine, baya kuliko lile la kwanza. Vijana. Protasi, mwanawe wa kwanza, alikuwa na miaka kumi na tisa.

Alirudi mbio akamweleza mumewe. Leonidasi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mama Protasi, Mungu aliutumia ulimi wako. Usimnyang'anye neno lake kwa sababu umeogopa." Akatoka kwenda kuomba. Upole ule ndio uliomtisha Ernesta. Angefokewa, angejua pa kuanzia.

Jumamosi, wasikilizaji wapendwa. Jumamosi asubuhi, gunia la kwanza lilikuwa limeoshwa majivu na limo jikoni, masufuria matatu yanachemka uani kwa kanisa. Wanawake wakaja kulichukua la pili mlangoni mwa kanisa. Wakamkuta Ernesta amelikalia.

"Shuka, mama."

"Sishuki."

Akaitwa Leonidasi. Watu wakamzunguka. Mmoja akasema ana shetani. Mwingine akasema aburutwe. Ernesta akazishika kingo za gunia kwa mikono miwili. Odeta anasema kila neno la mama yake lilisikika.

"Kosa ni langu. Ni la ulimi wangu. Mimi nami namngoja Bwana kama nyie. Akija leo, atanikuta hapa nimekalia mbegu, na nitamweleza mwenyewe. Asipokuja leo, kesho tunapanda."

"Unanidhalilisha mbele ya kanisa," Leonidasi akasema.

"Nakuheshimu, baba Protasi. Lakini sishuki."

Leonidasi akanyoosha mkono. Hakuna aliyejua kama ni wa kumbembeleza au wa kumvuta. Na hajawahi kujulikana, maana saa tatu kamili honi ikalia barabarani. Ndefu, nzito, na bonde zima likaitikia. Watu wote wakaanguka kifudifudi kwenye tope. Leonidasi akaanguka wa kwanza. Ernesta peke yake akabaki ameketi, macho barabarani.

Akamwona karani anashuka kwenye lori, daftari kwapani, kalamu sikioni. Karani akatazama watu wamelala tope tupu, akavua kofia.

"Poleni jamani. Hapa kuna msiba?"

Leonidasi aliinuka polepole, tope usoni, akaitazama kalamu ile kwa muda mrefu. Karani akaanza kazi yake. Akaandika majina ya vijana saba. La nne lilikuwa Protasi Leonidasi. Wanaondoka saa hiyohiyo, akasema. Mzigo hapana.

Basi Leonidasi akafanya jambo ambalo mimi namheshimu kwalo hadi leo. Hakujificha. Alikwenda kwenye masufuria, akachukua upawa, akawapakulia vijana waliokuwa ndani ya lori, mmoja mmoja, kwenye majani ya mgomba. Walitoka mbali, walikuwa na njaa. Wakala maharage yale ya mbegu mpaka masufuria yakaisha. Protasi alipakuliwa na mama yake. Alikula amesimama, akasema, "Mama, ulisema kweli. Ni karamu." Akapanda lori.

Protasi hakurudi. Taarifa ilifika mwaka uliofuata, vita vilipokuwa vimekwisha.

Gunia lile la pili liligawanywa Jumapili, kikombe kwa kikombe, kaya kumi na mbili. Jumatatu wakapanda. Msimu ule walikula kwa kujibana, lakini hakuna mtoto aliyekufa kwa njaa. Leonidasi aliendelea kuhubiri kuhusu marejeo ya Bwana mpaka alipofariki mwaka 1996, lakini siku hakuitaja tena. Na Ernesta akajiandikisha kisomo cha watu wazima. Mwalimu alipomuuliza anataka kujua nini, alijibu, "Nitenganishie r na l."

Wiki iliyopita, mchungaji alipomletea meza ya Bwana kitandani, Odeta alimwinamia. Anasimulia mwenyewe: "Nikamwambia, shikamoo mama, mchungaji amekuletea karamu. Akafumbua macho. Akaniuliza, karamu au kalamu? Alizitamka zote mbili sawasawa, mpaka nikacheka huku nalia. Nikasema karamu, mama. Akapokea. Kisha akauliza, na mbegu mmebakiza?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho.

Kwako Odeta, kwa wajukuu, kwa waumini wa kanisa lile ambalo siku hizi ni la matofali, na kwako Bibi Nyamizi, ambaye naambiwa bado upo na unatusikiliza: poleni sana. Bwana ametoa, na Bwana ametwaa. Nasi tunaobaki tujiulize. Hata leo wapo wanaotutajia tarehe ya mwisho wa dunia. Huenda wanajua, huenda hawajui. Lakini mbegu yako wewe iko wapi?

Siku ya mazishi, kila aliyetupa udongo kaburini alipewa kikombe kimoja cha maharage kutoka kibuyu cha Bibi Ernesta, pamoja na majivu yake. Mimi nami nilipewa. Juzi mvua ilianza Kasulo, na watu wamekwisha kuanza kupanda.