Ngisi Hafungui Mlango

Pale Mwabungo lipo duka la mbao ambalo mwenyewe alilifunga akaenda zake, akaacha benchi nje. Benchi likapata warithi. Baada ya sala ya alasiri Swabir hutua dele lake la kahawa, na kila mtu hukaa mahali pake na kwa jina lake la kijiweni. Lile la cheti cha kuzaliwa huliacha barabarani. Ramadhani ni Daktari, maana aliwahi kufagia zahanati miaka miwili. Harrison, askari wa lango hotelini Diani, mtu wa Kakamega, ni Bara. Na Chande, aliyewabatiza wote hao, ni Kamusi. Kamusi akikupa jina, hata mkeo atakuita hilo. Lakini siku hiyo kahawa ilimpoa mkononi. Ngisi, aliyesoma naye toka darasa la nne, alikuwa amejifungia ndani siku ya tisa.

— Ni jini, alianza Daktari. Ngisi alibeba mawe ya ujenzi kule Chale. Kule kuna kaya, msitu wa mizimu. Ameokota kisichookotwa.

— Jini gani anangoja miaka sita, buda? Bara akacheka. Hiyo ni WiFi. Wameweka mtambo juu ya lango tunalolinda naye. Hata mimi kichwa hunivuma.

— Wewe kichwa chakuvuma kwa kunywa mnazi.

— Mnazi ni dawa.

— Basi ni pweza wa barafu, Daktari akahama. Amemla sana. Ile baridi hupanda polepole mpaka ubongoni. Haba na haba hujaza kibaba.

Chande hakucheka. Lilikuwapo swali lililomkaa kooni tangu siku ya tatu, akalipitisha mlango wa nyuma.

— Hebu niambieni. Mtu akionewa utotoni, yaweza kumrudia akiwa na miaka arobaini?

— Kuonewa vipi?

— Mfano tu. Mtoto wa darasa la nne ashtuliwe kwa nyuma, ajikojolee. Mwenzake aseme, huyu ngisi, akishtuka hutoa wino. Basi iwe kila siku wamnyatia, waone kama atatoa tena. Mpaka darasa la nane.

Huo haukuwa mfano, na kila mtu alimjua mwenyewe. Chande aliogopa, na hakujua anachokiogopa zaidi, kuambiwa ndiyo au kuambiwa hapana.

— Aa, michezo ya watoto hiyo! Daktari akapunga mkono. Mimi niliitwa Kichwa Mbata, nikizabwa makofi kila asubuhi. Si huyu hapa, mzima wa afya?

— Na mbona hulali bila redio? aliuliza Swabir, ambaye kwa kawaida humimina tu. Mkeo amwambia wangu.

— Nasikiliza habari.

— Mpaka alfajiri?

Daktari akajikuna kile kichwa cha mbata.

— Hata mimi waliniumiza sana boarding, Bara akasema taratibu. Na niko sawa. Ama siko?

— Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, Daktari akakata shauri. Yaani si mzito. Mwacheni aubebe.

— Siyo maana yake hiyo, alisema Chande, lakini maana yenyewe ikamkwama. Akamgeukia Bara. Ninyi mmefanya naye kazi langoni. Alikuwaje?

— Alikuwa poa. Mgongo tu, lazima uwe ukutani. Hakutaka mtu apite nyuma yake. Sasa sisi tukawa tunamnyatia, tunacheka.

— Nani aliwafundisha?

Bara akamtazama kwa mshangao wa kweli.

— Si ni wewe, Kamusi? Hapa hapa kwa benchi. Ulituhadithia ile ya wino, tukacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Ndipo akaja Mbodze, mhudumu wa afya aliyeletwa mtaani mwezi uliopita, mkoba begani.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Natoka kwa yule kaka aliyejifungia. Kesho daktari wa akili yuko kliniki, nimemwekea nafasi. Nimemwita mlangoni, Ngisi, Ngisi, kama mlivyonielekeza. Kila nikiita, nasikia asukuma kitu kizito mlangoni. Nikinyamaza, huacha. Jina lake hasa ni nani?

Daktari akamtazama Bara.

— Kwa daftari la zamu tuliandika Ngisi, Bara akasema.

— Mamake angelijua, akasema Swabir, lakini ndiye tuliyemzika mwaka jana.

Wote wakamgeukia Kamusi. Chande alilikumbuka dawati, la tatu kutoka dirishani. Aliikumbuka kaptula, na kiraka chake. Alimkumbuka mwalimu akiita majina asubuhi: Alfani, yupo, Chande, yupo. Kisha mwalimu hulifikia lile jina, na darasa zima huangua kicheko kabla hajalimaliza, Chande akiwa wa kwanza. Miaka yote ile hakuwahi kulisikia mpaka mwisho.

— Twende, alisema akiinuka. Nitamwita mimi.

— Utamwita nani? akauliza Mbodze.

Swabir akainamisha dele. Likatoa tope tu. Chande alikuwa ameshasimama, akabaki amesimama.