Nestori Haapala, Aliyewasha Kivijoki Bila Kuomba Ruhusa

Mchungaji, ndugu wa familia, majirani wa kanisani na majirani wa ukumbini: mimi ni Saimi, binti wa hayati Arvid Haapala, na huyu tunayemzika leo, Jumatano tarehe 13 Novemba 1968, ni baba yangu mdogo. Nimeombwa nisome wasifu wake. Mama mdogo Lempi, mjane wake, aliupitia jana usiku akanirudishia akisema, "Umempaka asali mno. Rudisha ubishi wake." Nimeurudisha.

Nianze na jambo ambalo kila mtu hapa analijua na hakuna anayelitaja. Juzi Jumatatu, marehemu akiwa hajavishwa hata suti, kampuni ya umeme ya mjini ilimletea mama mdogo barua kwa mkono. Barua inasema kibali cha mtambo wa marehemu kilikuwa cha uhai tu, uhai umekwisha, na kesho saa tatu asubuhi watakuja kukata nyaya za nyumba thelathini na nane. Aliyeileta amekuja na mazishini. Amesimama pale nyuma, mwenye koti la kijivu. Kahawa atapewa kama watu wengine, ila kwanza atasikiliza, kwa sababu mtu huyu ambaye nyaya zake zinasubiriwa kwa hamu namna hiyo alikuwa na wazazi, na mke, na kazi aliyoifanya kwa mikono yake.

Marehemu Nestori alizaliwa tarehe 14 Machi 1890 huko Kauhajoki, Ufini, mtoto wa saba kati ya tisa wa mzee Juho Haapala na mama Serafiina. Walikuwa wapangaji kwenye shamba la watu. Alipokuwa na miaka kumi alipewa kazi ya kumbembeleza mdogo wake, na kwa kuwa hakupenda kukaa, alifunga gurudumu la mbao kijitoni, akavuta kamba hadi ndani, kitanda cha mtoto kikawa kinabembea chenyewe. Kilibembea vizuri majira yote ya vuli. Theluji ilipoyeyuka, maji yakajaa, na mtoto akarushwa hadi kwenye ndoo ya maziwa. Mtoto yule ndiye shangazi yetu Iida, na mpaka anafariki hakukubali kupanda, kukalia wala kugusa kitu chochote alichotengeneza kaka yake.

Shule aliyosoma ni ile iliyohama kijiji hadi kijiji, wiki sita kwa mwaka, kwa miaka minne. Tarehe 2 Mei 1909 alishuka kwenye treni hapa kaskazini mwa Michigan akaingia kwenye migodi ya shaba. Akiwa kwenye bweni la wachimbaji alijiandikisha kusoma umeme kwa njia ya posta. Kozi ilikuwa ya Kiingereza na yeye hakujua neno hata moja. Alinunua kamusi, akasoma miaka mitatu, akafaulu. Shida ni kwamba Kiingereza chake chote kilitoka kwenye kitabu kile. Alipotaka siagi alimwambia mwenye duka, "Tahadhari. Nahitaji kipande kimoja, kilichofunikwa vizuri pande zote." Mwenye duka akamgeukia baba yangu akamuuliza kwa sauti ya chini, "Huyu mwenzako anaumwa?"

"Haumwi," baba akamjibu. "Amesoma."

Kitabu hichohicho kilimfundisha kwamba fundi akikaribia waya, mkono wa kushoto ukae mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Tangu siku hiyo mkono wa kushoto wa marehemu uliishi mfukoni. Alikula hivyo, alipanda ngazi hivyo, alipokea meza ya Bwana hivyo. Mchungaji wa zamani, Mungu amrehemu, alimwona mtu mwenye kiburi, na alimwambia. Marehemu alimjibu kwamba kwa Mungu haogopi kitu, anaogopa taa iliyofungwa juu ya madhabahu na fundi wa mjini.

Mwaka 1913 wachimbaji waligoma, naye akagoma. Mgomo uliposhindwa, jina lake likaandikwa kwenye orodha ya watu wasioajiriwa tena mgodini. Akaja huku Kivijoki na wenzake, wakapata mashamba yaliyojaa visiki. Hakuwahi kujuta. Alisema visiki havina msimamizi.

Tarehe 22 Juni 1924 alifunga ndoa na Lempi Tuomela, mpishi wa lile bweni la wachimbaji. Ipo picha ya harusi, wengi mmeiona: bibi harusi anatabasamu, bwana harusi mkono mfukoni. Mama mdogo anasema aliporudi nyumbani siku ile alimwambia, "Mimi sina umeme, Nestori. Toa huo mkono." Akautoa. Hawakujaliwa watoto, na hilo liliwauma, nalisema hapa kwa sababu wao wenyewe hawakulificha.

Sasa kuhusu kazi yake. Mwaka 1949 kampuni ilipofikisha nguzo zake kwenye barabara kuu, ilitangaza gazetini kwamba imeleta mwanga Kivijoki. Mwanga ulikuwa umeshafika. Ulifika tarehe 6 Desemba 1928, saa kumi na moja jioni, jikoni kwa Lempi, kutoka kwenye bwawa ambalo marehemu alilijenga kwa mawe na magogo, na gurudumu alilolichonga mwenyewe, na jenereta aliyoitengeneza kwa vyuma chakavu vya mgodi uleule uliomfukuza. Nyaya za kwanza zilikuwa seng'enge za ng'ombe. Kufikia mwaka 1931 alikuwa amefikisha umeme kanisani na kwenye ukumbi wa wafanyakazi, kwa wale wasoshalisti wasiokwenda kanisani, na mnajua siku hizo watu wa pande hizo mbili hawakusalimiana hata wakikutana kisimani. Kila upande ulimwendea kwa siri kumwomba akate waya wa wenzao. Aliwajibu wote jibu moja: "Sikati. Ila ukizima wewe, mwenzako anapata zaidi." Basi hakuna aliyezima. Taa za kanisa na za ukumbi ziliwaka mchana kutwa kwa miezi mitatu, mpaka wakachoka.

Kilichompa jina ni kosa letu sisi. Mwaka 1936 kampuni ililitaka eneo hili, ikapeleka malalamiko kwamba mtambo wetu hautoshi. Mkaguzi wa jimbo akatumwa aje kuupima, na aliyepanga siku hakuwa mjinga: alichagua Jumamosi, tarehe 17 Oktoba, saa kumi na mbili jioni. Kila Mfini wa Kivijoki saa hiyo yuko sauna, kwenye bafu lake la mvuke. Nyumba thelathini na nane zinawasha taa za sauna, za njia, za jikoni, zote kwa pamoja, na taa za shuleni, ambako mkaguzi angekaa, zinabaki nyekundu kama makaa yanayozimika. Watu wakaona marehemu ataaibishwa. Mama yangu Hilja akapita nyumba hadi nyumba, ya kanisani na ya ukumbini, kwa mara ya kwanza wakakubaliana jambo: mkaguzi akiingia tu shuleni, kengele ya kanisa igonge mara moja, na kila nyumba izime. Watu waoge gizani. Nestori apate umeme wote.

Marehemu hakuambiwa. Kengele ikagonga. Nyumba thelathini na nane zikazima pamoja, na kule bwawani gurudumu likakosa mzigo, likakimbia kama ng'ombe aliyekatikiwa kamba. Umeme wote wa Kivijoki ukamiminika kwenye shule moja. Taa kumi na mbili ziling'aa kuliko jua, kisha zikapasuka moja baada ya nyingine, na vipande vikaangukia kofia ya mkaguzi na kichwa cha marehemu aliyesimama kando yake. Mkaguzi akaandika neno moja kwenye karatasi yake: hatari.

Nilikuwepo mama alipokwenda kukiri kwake. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Marehemu alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba ya mtambo, anaokota vioo kutoka kwenye nywele zake.

"Shemeji," mama akasema, "tulitaka kukusaidia."

"Najua, shemeji."

"Tulidhani ukipata mwingi ndiyo vizuri."

"Najua. Mngenichukia kidogo tu ningefaulu."

Mama akalia. Yeye hakumtazama, alikuwa anatazama maji. Akamuuliza, "Mlizima zote kwa pamoja? Zote kabisa? Na kanisa?"

"Na kanisa."

"Basi hilo linaweza kutokea tena," akasema, akaingia ndani, na kwa wiki tano hatukumwona.

Alipotoka alikuwa na chombo alichokiita Mlafi. Kazi yake ni rahisi kuieleza, ingawa haikuwa rahisi kuibuni. Taa zikizimwa, Mlafi anaumeza ule umeme uliobaki na kuupeleka kwenye vyuma vilivyozamishwa ndani ya pipa la maji. Taa zikiwashwa, anauachia. Gurudumu halijui tofauti, linazunguka mwendo mmoja. Na pipa aliliweka kwenye sauna ya watu wote, kwa hiyo tangu mwaka 1937 maji ya kuogea hapa Kivijoki ni ya moto bila kuni, na bure. Walimwambia akaandikishe ubunifu wake serikalini. Akauliza, "Nikishaandikisha, nitamkataza nani?" Aliyemwandikia barua kuuliza alitumiwa mchoro. Mama mdogo ana sanduku la barua za shukrani, kutoka kwa watu wa milimani na mabondeni ambao hatutawaona kamwe, na nyingine hatujui hata ni za lugha gani.

Lakini karatasi ya mkaguzi ilikuwa imeshafika mahakamani. Kesi ilidumu hadi tarehe 9 Mei 1941. Hakimu alikuwa amekuja mwenyewe kumwona Mlafi na kuoga kwa maji yake, na hakutaka kuufunga mtambo, wala hakutaka kuiudhi kampuni. Akaamua kwamba mtambo utaendelea maadamu mmiliki wake yu hai. Mawakili wa kampuni wakaongeza sharti: usirithishwe kwa wosia, wala usiuzwe kwa kampuni nyingine. Walimwangalia marehemu pale kizimbani, mwembamba, miaka hamsini na mmoja, akikohoa vumbi la mgodi, wakasaini wakitabasamu. Baba yangu aliwasikia kwenye ngazi wakikadiria miaka mitano.

Aliishi ishirini na saba. Mimi nasema aliishi kwa ukaidi, na daktari wake hakunipinga.

Vumbi lilimshika sawasawa mwaka jana. Mwezi wa Februari alilazwa hospitali mjini kwa siku nne, akarudishwa kwa sababu alifungua swichi zote za wodini ili azikague. Alilala nyumbani, dirisha likiwa wazi asikie gurudumu. Alifariki Jumamosi tarehe 9 Novemba 1968, saa nane mchana, mama mdogo akiwa amemshika mkono wa kushoto. Alikuwa na miaka sabini na minane. Nampenda na nitamkumbuka, na nina hasira pia, maana mtu huyu aliomba kitu kimoja tu maishani, aachwe.

Marehemu ameacha mjane, Lempi. Dada mmoja, Elvi, aliyeko Minnesota. Na watoto wa ndugu zake kumi na mmoja, nikiwa mimi mkubwa wao. Ameacha nyumba thelathini na nane zenye mwanga.

Amemwacha na mtu mmoja zaidi, na hapa namwomba bwana wa koti la kijivu asogee mbele kidogo asikie vizuri. Mwezi wa Juni mwaka huu marehemu alianza kupita nyumba zenye wajawazito, akitembea na fimbo, akipumzika kila lango. Hakuuliza hali ya mama wala ya mimba. Aliuliza, "Bibi yako alifariki ana miaka mingapi? Na bibi wa mumeo?" Akaandika kwenye daftari. Tulinong'ona kwamba akili imeanza kuchoka. Helvi Ruona alimfukuza kwa ufagio, kisha akamwita arudi, akamwambia bibi yake alifikisha tisini na sita na bibi wa mumewe bado anakamua ng'ombe.

Tarehe 21 Agosti Helvi alijifungua mtoto wa kike. Tarehe 30 Agosti, jikoni kwa Lempi, mbele ya karani wa kata na mashahidi wawili, Nestori Haapala akiwa hai na mwenye akili zake alimpa mtoto huyo bwawa, gurudumu, jenereta, Mlafi na nyaya zote. Hakurithisha na hakuuza. Alitoa zawadi, na zawadi hakuna aliyekumbuka kuikataza. Hati ya karani ninayo mkononi, na hakimu wa sasa amepelekewa nakala yake jana.

Mmiliki wa mtambo anaitwa Aila Tyyne Ruona. Amekaa safu ya tatu, mapajani kwa mama yake, na leo ametimiza wiki kumi na mbili. Kampuni inakaribishwa kungoja.

Mungu amlaze Nestori Haapala mahali pa amani, na Aila Tyyne ampe maisha marefu sana. Tuseme amina.