Biira Hahami

Bwana asifiwe. Naona wa nyuma mmeitika kwa nguvu kuliko wa mbele, basi nitazungumza nikiwatazama ninyi wa nyuma. Ndugu zangu, mimi si mtu wa kusimama hapa bila gitaa. Lakini wiki ijayo nasafiri kwenda nyumbani, Singida, na nikiondoka bila kusema mlichonitendea hapa Bwera, kitanikaa kooni njia nzima. Sitamtaja mtu. Nitataja majina ya kuzaliwa tu, na hayo hapa kwenu hayamfichui yeyote. Nikiita Masika, nusu ya akina mama humu watageuka.

Mnaona? Wameshageuka.

Tulikuja vijana wanne wamisionari, kila mmoja na begi lake na Biblia mpya. Tulishukia Kasese mvua ikiwa imekatika muda huo huo, na mlima wote umejifunika. Nikamwuliza mwenyeji wetu, Rwenzori wenyewe uko wapi? Akasema, "Iko hapo. Ngoja tu." Nikangoja. Asubuhi moja nikiwa nje napiga mswaki, wingu likafunguka, nikaiona theluji juu kabisa, nyeupe, juu ya migomba na mabati, nikasahau povu mdomoni. Nilipowaita wenzangu watoke, wingu lilikuwa limeshafunga. Wakasema nimeota. Mpaka leo kuna saa nafikiri kweli niliota.

Maisha yetu mliyaona. Kufua Jumamosi, kupanda vilima kutembelea wagonjwa, kupika kwa zamu. Ndugu yetu mmoja kutoka Kenya aliunguza maharagwe kila zamu yake, na maharagwe yake ndiyo tuliyoyaombea kwa bidii kuliko chakula cha mwingine yeyote. Yuko pale, anacheka.

Na Kiswahili changu mlikicheka. Mama mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka, anayeuza samaki wakavu sokoni, alinisikiliza nikiuliza bei, akamwambia mwenzake, "Huyu mutoto, Kiswahili yake iko kama ya radio." Basi nikawa Dada Redio. Watoto walinifuata njiani, "Dada Redio, soma habari!" Nami nasoma: habari za leo, mbuzi wa jirani amekula sabuni. Nilikuwa na furaha, ndugu zangu. Ilikuwa furaha ya mtu asiyejua kwamba ana furaha.

Mama aliyenipa chumba hapa Bwera aliniuliza jioni ya kwanza, "Wewe ni wa ngapi kwa mama yako?" Nikamwambia, wa kwanza, tuko wasichana watatu. "Basi wewe Masika," akasema. "Mwenye anakufuata ni Biira. Wa mwisho, Kabugho." Wageni mlio hapa, msishangae. Ndugu zetu Wakonzo humpa mtoto jina kwa zamu yake ya kuzaliwa, na ukisikia jina unajua wangapi wamemtangulia. Tangu siku hiyo, kila jioni Mama aliuliza: Biira hajambo? Kabugho anasoma? Nikawasimulia wadogo zangu kwenye simu. Biira alilipenda jina lake kupita kiasi, akawa anajitambulisha hivyo hata kwa wauza vocha wa Singida, ambao hawajui linatoka wapi.

Kisha ikaja ile simu. Nilikuwa nafua pale bombani. Aliyepiga alikuwa baba, na baba huwa hapigi. Malaria ilimpanda kichwani mdogo wangu Biira, akaondoka kabla hata hatujaambiwa kwamba anaumwa. Wangemzika kabla sijafika hata nusu ya safari.

Wenzangu walisema watatafuta nauli. Nikakataa, nikasema nabaki kwa kazi ya Bwana, nanyi mkanisifu. Ndugu zangu, nawaambia leo: niliogopa chumba chetu. Kina vitanda vitatu.

Siwezi kuwaeleza vizuri siku zilizofuata, maana sikuzikaa nikiwa macho. Nilitembea, nilikula, nilifundisha watoto. Tulikwenda Kahendero kuomba na familia za wavuvi, nikashika gitaa, nikafungua mdomo, pakawa kimya. Nikakaa kutazama ziwa. Viboko walikuwa wanaibuka na kuzama, wanaibuka na kuzama, na mimi mwoga wa ng'ombe sikusogea hata hatua. Nikiomba, maneno yalitoka sanifu, yamenyooka, hayafiki popote. Yule mama wa samaki aliniona napita, akaita, "Dada Redio, betri imekufa?" Hakujua. Nikacheka, nikanunua nyanya, nikaenda zangu.

Mama yangu mzazi sikumpigia, naye hakunipigia. Kila mmoja aliogopa sauti ya mwenzake. Mwishowe nikafunga begi. Sikuwa naenda nyumbani. Nilitaka kwenda Kampala, nifanye kazi yoyote, mahali ambapo hakuna mtu wa kuniuliza habari za wadogo zangu, na habari za Mungu pia.

Jioni ya kuamkia safari nilimkuta Mama uani anatwanga sombe, kisamvu kwa kwetu, nikakaa kumchambulia majani. Akauliza, "Kabugho anaendelea?" Tangu ile simu alikuwa hajauliza tena, na sasa alimruka Biira. Nami nikataka aone kwamba nimeshapoa. Nikamjibu kikavu, kama mtu anayesahihisha hesabu, "Mama, tumebaki wawili. Kabugho amepanda. Sasa yeye ndiye Biira."

Mchi ukasimama.

"Nani amekuambia?"

"Nimehesabu tu, Mama."

"Hapana. Biira hapana hama." Alisema polepole, kama anavyoongea na mtoto mwenye homa. "Wa tatu ni wa tatu. Ni Kabugho mpaka azeeke, mpaka meno itoke. Mimi naitwa nani?"

"Mbambu."

"Mbambu ni wa nne. Dada zangu umeona?"

Sikuwa nimewaona. Nimekaa nyumba ile, nimekula kwake, na sikuwahi kujiuliza.

"Masika mimi sikumukuta. Biira alienda nikiwa mudogo. Kabugho alibaki Beni, tangu vita sisikii habari yake. Watu walimwambia mama yangu, sasa uko na mutoto moja, muite jina ingine. Akakataa. Alikuwa akiita Mbambu, anaita sisi wote nne. Sasa wewe unataka kutoa dada yako kwa kiti yake, umupatie nani?"

Nililia, ndugu zangu. Tangu simu ya baba sikuwa nimelia hata tone, na pale nililia mpaka majani yakalowa. Mama akainua mchi wake. "Lia," akasema. "Sombe itaiva tu."

Kulipopambazuka nilikwenda barazani kwa jirani, penye mtandao, nikapiga nyumbani. Mama yangu akapokea. Nikasema, "Mama, nipe Kabugho." Akauliza kwa sauti ndogo, kwa nini bado namwita wa tatu na tumebaki wawili. Nikamweleza. Kisha akalitaja jina la mdogo wangu aliyekufa, lile la nyumbani. Lilikuwa halijatajwa ndani ya nyumba tangu mazishi. Akalitaja tena. Kabugho naye akaanza kusimulia habari za wauza vocha, tukajikuta tunacheka na kulia pamoja.

Tukaomba kwenye simu ile ile. Siku hiyo niliomba Kiswahili kibaya, hakuna ngeli hata moja iliyokaa mahali pake, na nikajua nimesikilizwa. Msiniulize nimejuaje. Wingu lilifunguka kidogo tu, nikaona.

Nikafungua begi. Jumapili ile mlinisikia nikiimba nje ya ufunguo, na mlikuwa na adabu, hamkusema.

Nawashukuru wenzangu waliopika zamu zangu, hata wewe wa maharagwe. Namshukuru yule mama wa samaki. Alipopata habari alikuja, akaweka samaki chini, akakaa nami mpaka jua likatua. Nawe Mama, asante kwa lugha yako: wasingya. Sina zaidi.

Ninalowaachia ni dogo. Aliyepungukiwa humu, asiharakishe kusogeza walio hai ili hesabu ikae sawa. Mungu anamjua kila mtoto kwa zamu yake, nasi tusiichezee.

Nimemwambia mama yangu asikitoe kile kitanda. Nikifika tutakitandika. Njiani mtu ataniuliza, wapo wanaoniuliza kila safari, kwenu mko wangapi? Zamani ningegeuza uso dirishani. Sasa nimejifunza jibu, na naomba nilijaribu hapa kwenu kwanza, ili sauti isije ikanikatika mbele ya wageni.

Tuko watatu.