Miswaki ya Darasa la Sita

Basi la kwenda mji wa Nagaur lilikuwa halijatoka hata stendi. Bibi aliyekaa mbele yangu, alipojua tu kuwa mwanamume aliyekaa naye kiti kimoja anafundisha shule ya mjukuu wake, akamvaa. "Mjukuu wangu Jhamku mmemwadhibu eti hapigi mswaki. Anapiga mpaka fizi zinatoka damu!"

"Bibi, meno yake yana madoa ya kahawia."

"Ya utotoni yalikuwa meupe pee. Haya ya kudumu ndiyo yametoka hivyo."

"Si yeye peke yake. Daktari kakagua watoto arobaini wa darasa la sita, thelathini na mmoja wako vilevile."

"Thelathini na mmoja, wote wachafu? Hayo madoa yanaletwa na madini ya kwenye maji, mwalimu! Bomba lenu si lilipakwa rangi nyekundu, watu wasinywe? Nani kalipaka bluu?"

Mwalimu akakumbatia boksi alilolipakata. "Mgeni rasmi alikuwa anakuja. Nyekundu ilikuwa haipendezi."

Bibi akageuka kunitazama, kana kwamba rangi nilichagua mimi.

Basi likasimama shuleni. Mwalimu akashuka na boksi lake la miswaki mipya. Watoto walikuwa wameshajipanga kumngoja, kwenye bomba la bluu.