Mianga Miwili, Fuwele Moja

Benchi letu liko kati ya kibanda cha kinyozi na karakana ambako mjukuu wangu anachora majina kwenye vibao vya chuma kwa mashine ya leza. Kahawa ni yangu, birika ni langu, kwa hiyo na upuuzi wote unaosemwa hapo lazima niusikie. Asubuhi hiyo walikaa watatu: Wembe, ndiye kinyozi, Fundi Saa, bisibisi mfukoni kama kalamu ya daktari, na Mheshimiwa, anayegombea udiwani kila uchaguzi na kila uchaguzi anarudi kwenye benchi letu. Mjukuu wangu akatoka na kibao, macho mekundu. Herufi nusu zimekolea, nusu zimefifia kama zimeandikwa kwa mate.

— Bosi anasema mkono wangu ndio mbaya, bibi. Visipotoka sawa hadi jioni, kesho nisije.

— Na mashine yenyewe ina nini?

— Ndani kuna fuwele, kijiti kama kidole. Mle unatoka mwanga wa namna mbili: unaotikisika wima na unaotikisika ulalo. Yote miwili inakula nguvu ileile ya fuwele, mmoja ukizidi kula mwingine unafifia. Halafu mbele kuna kioo kinachopitisha wa wima tu. Siku zote wa wima ndio ulioshinda. Sasa inapokezana.

— Kwa nini?

— Fuwele ikipata joto sana, au ikibanwa, ushindi unahama. Joto nimepunguza. Na kishikio chake hakiguswi na mtu.

Akarudi ndani. Wanaume wakajiweka sawa, kila mmoja profesa.

— Hao ni wake wenza, akasema Wembe. Sufuria moja, walaji wawili. Dawa ni kuongeza chakula.

— Wako wawili ulishindwa kuwalisha, wakakukimbia, nikamwambia. Sasa unataka kulisha mwanga?

— Hapana, huu ni uchaguzi, akasema Mheshimiwa. Wa ulalo umeihonga fuwele. Kura za wima zimeibwa, kama zangu.

— Zako ziliibwa na nani, mkeo mwenyewe hakukupigia?

— Bibi, tunazungumza sayansi!

— Mimi naona ni dunia, akasema Fundi Saa. Inazunguka, inauvuta mwanga ulale. Mashine igeuzwe ielekee kaskazini.

— Karakana yote igeuzwe, akasema Wembe.

— Iundwe tume, akasema Mheshimiwa. Mimi mwenyekiti.

Mama mmoja alikuwa amesimama pembeni, amefuata saa yake iliyokuwa kwa fundi.

— Samahanini jamani. Kabla mashine haijaanza kusumbua, nani aliigusa?

Wembe akamtazama Mheshimiwa, Mheshimiwa akatazama angani. Fundi Saa akaanza kukoroga kikombe kwa bisibisi, na kahawa yangu haina sukari.

— Fundi? nikamwita.

— Bosi aliniita juzi, mjukuu wako akiwa mapumziko. Aliona ile fuwele inacheza kwenye kishikio. Nikakaza skrubu.

— Ulikaza mpaka wapi?

— Mpaka ikagoma.

— Umeikaba fuwele ya watu koo, halafu unasingizia dunia!

Nikamnyang'anya kikombe.

— Inuka. Ukamwambie bosi hayohayo, mjukuu wangu akisikia. Kisha ulegeze.

— Bibi, kahawa sijamaliza.

— Imekwisha.

Birika lilikuwa bado limejaa.