Waya Juu ya Fyuzi

Kamwene, ndugu zangu. Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu nikisimama mbele ya watu maneno hunikimbia. Niliombwa nije na ushuhuda wa furaha. Nimekuja na huu, na bado nina hasira.

Mnajua kazi yangu. Chumbani kwangu hapa Ipogolo natengeneza spika za umeme na pawa saplai, kile kiboksi kinachoipa kompyuta umeme. Shule niliishia darasa la saba. Ufundi niliupata kwa kufungua vitu vibovu.

Mwaka jana kwaya ilipata shida: spika kubwa ilikuwa inanguruma tu. Nikaletewa. Nikakuta kapasita mbili, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zimevimba vichwa, nikazibadilisha, ikaimba vizuri. Lakini ndani niliona kitu kingine. Fyuzi ilikuwa imekatika zamani, na fundi aliyenitangulia alikuwa ameizungushia waya wa shaba ili umeme upite. Fyuzi kazi yake ni kukatika ili vingine visiungue. Waya ule haukatiki.

Fundi huyo ni mtu mzima, namwamkia shikamoo. Nikajiwazia: nani mimi nifumue kazi ya mzee? Nikaufunika. Sikumwambia mtu.

Siku ya kipaimara umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu. Spika ikatoa moshi mbele ya watoto waliovaa nyeupe. Mnakumbuka mlivyosema? Mimi nakumbuka.

"Darasa la saba nalo linafungua mitambo!"

"Bado kidogo atuchomee kanisa huyu."

Na yule mzee fundi alikuwa amekaa palepale, anatikisa kichwa kunisikitikia! Ndugu zangu, nawaambia, kile kichwa nilikiota.

Wiki ile watu walikuja kuchukua vitu vyao, hata ambavyo nilikuwa sijavigusa. Mmoja alimtuma mtoto aseme, "Baba anasema usiifungue." Nikasukuma vifaa uvunguni, nikaenda Igowole kulima viazi vya watu. Mama yangu aliacha kuja ibadani kwa aibu. Hilo sijalisamehe.

Niliporudi, mama mmoja mwenye duka la kuchapisha barua alinifuata na pawa saplai iliyokufa.

"Wewe ndiye unayeunguza vitu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi unguza hii nikiona."

Nikaiunganisha kupitia balbu, kama nifanyavyo siku zote. Balbu ikawaka kwa nguvu zote. Nikamweleza kwamba ndani kuna shoti, na bila balbu ingelipuka. Nikatafuta kipande kilichokufa, nikaweka kingine, nikawasha. Balbu ikamulika mara moja, ikazimika. Feni ya ndani ikazunguka: imepona.

Akanitazama. "Unajua hivi, halafu spika ya kanisa iliungua?"

Nikamwambia habari ya waya. Nilidhani atanihurumia.

"Uliuona ukanyamaza?" akasema. "Basi mliiunguza wawili, mwanangu. Yeye kwa waya, wewe kwa kimya."

Ilinichoma kuliko yote mliyosema ninyi, maana ilikuwa kweli.

Jumapili iliyofuata niliomba wazee wa kanisa waitoe spika stoo. Yule mzee fundi naye aliitwa. Nikafungua, nikawaonyesha waya, mweusi, umeng'ang'ania fyuzi.

"Mimi natengeneza redio kabla hujazaliwa," mzee akafoka.

"Shikamoo, mzee," nikasema. "Lakini waya huu ni wako. Na kosa la kuuficha ni langu."

Hakuna aliyecheka. Mzee akaushika, akaugeuzageuza, akasema taratibu, "Ni wangu." Akaondoka.

Namshukuru yule mama, hakunibembeleza. Nawashukuru wazee waliokubali kutazama. Na mzee fundi namshukuru kwa yale maneno mawili, kwa sababu angeweza kukana, na mngemwamini yeye.

Ninyi mliochukua vitu vyenu, wengi mmevirudisha. Mmevileta kimyakimya, kama vile hakuna kilichotokea. Nimevitengeneza. Lakini mama yangu bado anasali nyumbani. Mimi nimeshasema kosa langu mbele yenu; lenu kwake bado. Nyumba yetu mnaijua, vitu vyenu mnavileta kila siku. Piteni chumba changu, mlango unaofuata ni wa mama. Bisheni hodi.